Mbwa wa Marehemu Hussen

Jumatatu, 6 Januari

Jana nimetoka eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na leo asubuhi nimesimama uani kwangu mwenyewe kama mgeni asiyejua kisima kiko upande gani. Mwanangu Naima, ambaye ni mwalimu kule Mtama, kaniachia daftari hili kabla hajaondoka. Kasema, "Mama, andika. Maneno ukiyafungia tumboni yatakuumiza." Basi naandika. Mwandiko wangu ulisifiwa mpaka namaliza darasa la saba.

Saa nne alikuja shemeji yangu Fakihi, mdogo wa marehemu mume wangu Hussen. Fakihi ni mtu wa swala tano, hana ubaya, ila hupenda kuwapangia watu maisha yao. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, akasema shamba la bondeni nisililime mwaka huu. Nguruwe pori walilimaliza mwaka jana Hussen akiwa hai na mkuki wake mkononi, sembuse mimi. Afadhali niende Mtama kwa Naima nikapumzike.

"Na yule mbwa?" nikamuuliza.

"Mbwa ni najisi, shemeji. Aondoke."

"Wa kuwindia na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Kaka yako alilisema hilo kila siku."

"Ameruhusiwa anayewinda. Yule hawindi wala halindi. Yule anakula na kulala."

Hata hivyo nikamshukuru kwa kumlisha muda wote nilipokuwa ndani, maana nilikuwa nasikia sufuria ikiwekwa nyuma ya nyumba. Fakihi akatazama viatu vyake, akaaga.

Alipoondoka nikazunguka nyuma. Mbwa anaitwa Watasema. Hussen alimpa jina hilo kwa sababu majirani zetu hapa Milola walisema sana alipomleta, kitoto cha kuenea kiganjani. Sasa ana miaka tisa. Ndiye aliyekuwa akiwaongoza mbwa wote wa kijiji msituni. Leo nimekuta tumbo linaning'inia, kucha zimepinda, masikio yamejaa kupe, na paja la kulia, lile lenye kovu la jino la nguruwe, limekonda kuliko la kushoto. Nilipomfungua kamba hakukimbia. Alipiga hatua sita, akakaa, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Nitalima bondeni. Na huyu atafanya kazi.

Jumanne, 7 Januari

Tumekwenda kisimani na kurudi. Yeye kapumzika mara tatu, mimi mara mbili.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua ya juzi imeingia vizuri ardhini. Nimeanza kupanda mahindi bondeni, pembeni mwa muhogo. Watasema alinifuata mpaka nusu ya njia, akalala chini ya mkorosho, nikamkuta hapo hapo wakati wa kurudi.

Naima kapiga simu. Tumebishana, halafu tumepatana hivi: nguruwe wakiyamaliza mahindi ya mwaka huu, nitafunga mizigo niende kwake, sitasema neno. Wakiyaacha, nabaki kwangu. Alikubali haraka mno. Nadhani anajua atakavyoshinda.

Alhamisi, 16 Januari

Leo kapita Amiri, bwana mifugo. Kijana mpole, hakucheka. Alimshika Watasema meno, akamkunja magoti moja moja, akamsikiliza kifua. Kampa dawa ya minyoo na ya kupe.

"Mama Mwahija, moyo ni mzima," kasema. Yeye huniita kwa jina langu, si la mwanangu. "Mguu ulishapona zamani, ila umesahau kazi. Uzito ndio adui yake. Mpunguzie ugali, mwongezee dagaa. Mtembeze asubuhi kabla jua halijawa kali, leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Mbwa mzee haharakishwi."

"Ataweza kuwinda tena?"

"Sijui. Mwezi wa nne uniulize."

Jioni nimempaka mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu kwenye nyonga. Bakuli lake liko peke yake, na mlangoni nimeweka ndoo ya maji na kopo la udongo. Akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo naswali. Hussen alifanya hivyo miaka yote na sikuwahi kufikiri ni kazi kiasi gani.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua kutwa. Hatukutoka.

Jumatatu, 27 Januari

Mahindi yameota mistari yote. Watasema anafika bondeni bila kulala njiani. Tumbo limepanda kidogo. Nilimpima kwa kamba ya katani, na fundo la leo limesogea vidole viwili ndani ya lile la kwanza. Alhamdulillahi kwa vidole viwili.

Jumapili, 2 Februari

Tumekutana na Clemence Likwata njiani. Huyu ni Mmakonde wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa mwenzake Hussen wa kuwinda. Miaka minane walikwenda msituni pamoja. Sisi hatuli nguruwe, kwa hiyo Hussen alitaka mashamba yapone, na Likwata akawabebea nyama Wakristo wenzake. Ushirika wao haukuwa na ugomvi. Lakini Hussen alipofariki, kwa homa ya siku tatu, Likwata hakuja kunipa pole. Hata mtu hakutuma. Hilo nimelibeba moyoni tangu mwezi wa nane.

"Habari za siku, mama Naima," kasema, amevua kofia.

"Njema," nikajibu, nikaendelea na safari.

Watasema ndiye aliyeniaibisha. Alimrukia Likwata, akalia kama mtoto, akajikunja miguuni kwake, mkia unapiga vumbi. Mimi ninayempaka mafuta kila jioni hajawahi kunifanyia hata nusu ya hayo. Nilimvuta kamba mpaka nyumbani kwa hasira.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya kosa. Tangu siku ile nimekuwa nikimkaza. Nilimpandisha kilima chote cha mikorosho, nikamtaka akimbie, naye akakimbia kwa sababu nilimwambia. Leo asubuhi hawezi kukanyaga mguu wa kulia. Sikumtesa kwa ajili ya mahindi. Nilitaka Likwata amwone amepona mikononi mwangu.

Nimekaa naye chini ya upenu nikimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Aliniwekea kichwa magotini. Niliosha mara saba, nikaomba msamaha kwa Mungu, na kwa mbwa pia, japo hilo la pili sijui kama linahesabiwa.

Jumatano, 12 Februari

Bado anachechemea. Mahindi yamefika kiunoni.

Jumamosi, 15 Februari

Vijana waliingia msituni leo na mbwa wao wanne. Wamerudi na wawili. Mbwa wachanga walimkimbilia dume la nguruwe usoni, akawapasua. Mtendaji wa kijiji kasema hatatoa ruhusa nyingine ya msako mpaka apatikane mbwa wa kuongoza, maana kesho atapasuliwa mtu. Watu waliokusanyika uani kwangu walinigeukia, kisha wakamwangalia Watasema amelala na mguu wake juu. Hakuna aliyesema kitu. Ingekuwa afadhali wangesema.

Jumatano, 19 Februari

Leo nitaandika mengi, kwa sababu sijui nitalalaje nisipoyaandika.

Nimekwenda kwa Fakihi baada ya swala ya alasiri. Nilitaka aniombee kwa Likwata. Niliona aibu kwenda mwenyewe, na niliona hapana mwingine anayejua kumfundisha mbwa yule. Zakia, mke wa Fakihi, alikuwa anapepeta mpunga. Nikasema shida yangu, nikaongeza kwamba namwomba Fakihi kwa wema ule ule aliokuwa nao wa kumlisha Watasema wakati wa eda.

Zakia akaacha kupepeta. Akamtazama mumewe. "Mwambie," kasema.

Fakihi akavua kofia, akaiweka gotini.

"Shemeji, mimi sikumlisha yule mbwa hata siku moja."

"Nani, basi?"

"Likwata. Kila siku ya pili alivuka mto na ndoo ya pumba na vichwa vya samaki. Alipita nyuma, kimya, kwa kuwa alijua uko eda na hapaswi kuonana nawe."

Nikasema kama alijua njia ya nyuma mbona hakuja kunipa pole siku za msiba, wakati wanaume wote wa kijiji walikaa nje kwenye mkeka.

"Alikuja," Fakihi kasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Alikuja siku ya mazishi, ametembea kwenye mvua, na mbwa wake nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Kulikuwa na masheikh kutoka Lindi, nikaona haya. Nikamwambia arudi, tutamwita. Sikumwita. Ulipotoka eda ukanishukuru kwa jambo la mwenzangu, na mimi nikapokea. Tangu siku ile kila nikikutana nawe najiona mwizi."

Nilimtazama Fakihi, mtu niliyemjua miaka ishirini na saba, nikaona kwa mara ya kwanza anavyofanana na Hussen akiwa amekosa: anashika sikio la kushoto na kulivuta.

Nilitaka kumkasirikia. Hasira ilikuja, ikakosa nguvu. Ningeweza mimi kumuuliza Likwata njiani neno moja tu, kwa nini, na sikumuuliza.

"Kesho Zakia atanisindikiza ng'ambo," nikasema. "Na wewe utakwenda siku yako."

"Nitakwenda," kasema.

Alhamisi, 20 Februari

Tumevuka na Zakia. Bertha, mke wa Likwata, alitutandikia mkeka mpya na kutuletea maji kwenye bilauri zilizokuwa bado kwenye boksi, ili tusione shaka ya nguruwe. Niliona alivyolifikiria jambo hilo, nikanywa zote mbili, yangu na ya Zakia aliyekuwa amefunga sunna.

Likwata alitoka nyuma ya nyumba akiwa amebeba wavu. Nilisimama nikamwambia, "Baba, nimekudhania vibaya tangu mwezi wa nane. Nimeambiwa jana. Nisamehe, na ahsante kwa ile ndoo."

Likwata akaweka wavu chini. "Pole na msiba, mama Naima," kasema. Miezi sita alikuwa nayo mdomoni ile pole. Bertha akajifuta macho kwa kanga.

Halafu Bertha akasema, "Ila baba huyu ndiye aliyemnenepesha mbwa wako. Kila nikipika pumba ananiambia ongeza, mfiwa huyo. Kamlisha kama bwana harusi."

Tukacheka wote. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya leo.

Jumatatu, 24 Februari

Likwata kaja kumwona Watasema, na Zakia akakaa nasi uani. Kasema nisimpandishe kilima tena. Nimtembeze mtoni, maji yafike kifuani, dhidi ya mkondo. Maji yanambeba uzito na mguu unafanya kazi bila kugongwa. Baada ya hapo mchanga, baada ya mchanga mawe, ili kucha zijikate na nyayo ziwe ngumu. Siku mbili kazi, siku moja kulala. "Siku ya kulala ndiyo inayojenga nyama," kasema. "Hussen ndiye aliyenifundisha hilo."

Mimi sikulijua. Niliishi na mwalimu nikakosa darasa.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Tunakwenda mtoni baada ya alfajiri, wakati maji ya daku bado yako tumboni. Watasema anaingia maji mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Jana Wakristo wameanza Kwaresima. Bertha kasema kijiji kizima sasa kina njaa isipokuwa mbwa.

Jumanne, 11 Machi

Hachechemei. Nimemtazama kutoka nyuma, kutoka pembeni, akishuka, akipanda. Hachechemei. Mahindi yametoa mbelewele. Mvua tatu mfululizo, kila kitu kinanukia udongo. Leo sina la kuomba, nashukuru tu.

Jumatatu, 17 Machi

Likwata kaburuta kipande cha ngozi ya nguruwe kwa kamba, kutoka mtoni mpaka kwenye magugu ya shamba la jirani. Mimi ngozi hiyo siigusi, naye hakunitaka niiguse. Alimfunga Watasema shingoni njuga zake za zamani, zile kengele ndogo zinazoonyesha mbwa alipo vichakani. Mbwa aliposikia zikilia alisimama wima, manyoya ya mgongoni yakainuka, akawa kama nilivyomwona zamani akiondoka na Hussen.

Alifuata harufu polepole, pua chini, akaipoteza kwenye maji, akazunguka, akaipata. Hakubweka hovyo. Alipoifikia ngozi alisimama hatua mbili mbali, akabweka mara moja, akageuka kutafuta mtu.

Akanitafuta mimi. Nilipiga makofi matatu kama ninavyomwita mtoni, akaja.

"Sasa anasikiliza sauti yako," Likwata kasema. "Mimi kwake ni mgeni anayependwa tu. Siku ya msako utakuwepo."

"Mwanamke msituni?"

"Mwite basi ukiwa jikoni, tuone kama atasikia."

Jumapili, 23 Machi

Nguruwe wameingia. Wamechimbua muhogo upande wa matete, na mistari mitatu ya mahindi imelala chini, magunzi yametafunwa yakiwa bado na ndevu. Nimekaa katikati ya shamba nimefunga, sina hata nguvu ya kulia. Naima kapiga simu, sikupokea.

Jumatano, 26 Machi

Mistari minne mingine. Likwata anasema mahindi yakianza kujaa maziwa watakuja kundi zima, na usiku mmoja utatosha. Ameomba msako. Mtendaji amekubali, baada ya Sikukuu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi njema. Fakihi alikwenda ng'ambo ya mto baada ya swala, peke yake, na sahani ya pilau ameifunika kwa kawa. Alikaa huko saa mbili. Sikumuuliza walizungumza nini.

Jumatatu, 7 Aprili

Amiri kapita. Kampima Watasema, katabasamu. "Uliniambia nikuulize mwezi wa nne," nikamkumbusha. Kasema, "Ataweza, mama. Asubuhi moja ataweza. Usimwombe mbili."

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ilikatika alfajiri. Tulikuwa watu kumi na wanne na mbwa watano, na mwanamke mmoja. Mzee mmoja alinung'unika kuhusu huyo mmoja, Likwata akamwambia basi yeye aongoze mbwa, mzee akaenda kushika wavu. Jambo ambalo sikulitarajia ni Fakihi. Alikuja na mkuki wa kaka yake, suruali ameikunja, kofia yake nyeupe kichwani.

Nyavu zilitegwa kwenye kona ya mto, mahali bonde linapobana. Mbwa wachanga walipofunguliwa walishika njia mbichi ya kuelekea mikoroshoni, wakakimbia kwa kelele, na vijana nyuma yao. Watasema alinusa njia ile ile. Akaiacha. Akasimama, pua juu, akageukia matete upande wa pili.

"Kazeeka," mtu kasema. "Pua imekufa."

Likwata alinitazama. Niliogopa sana. Kama amekosea, ruhusa ya leo imekwisha, na kundi litakuwa shambani kwangu kabla ya Jumatatu. Lakini miezi mitatu nimemtazama mbwa huyu kila asubuhi. Najua anavyotembea akiwa na shaka, na leo hakutembea hivyo.

"Watu wabaki kwenye nyavu," nikasema. "Mimi namfuata."

Aliingia matete bila haraka. Niliziona njuga kwa masikio tu, chwe, chwe, chwe, halafu kimya. Halafu akabweka, sauti nzito ya kifuani ambayo sikuisikia tangu Hussen afariki. Matete yote yakatikisika. Walikuwa wengi, majike na watoto wao, na dume moja kubwa jekundu lenye manyoya meupe mgongoni. Watasema hakumgusa hata mmoja. Alisimama mbele yao anabweka. Wakimjia anarudi nyuma, wakigeuka anawazunguka, na kila mzunguko unawasogeza kwenye nyavu. Mbwa wachanga walisikia wakarudi mbio, na sasa walikuwa na wa kumfuata. Kundi likatimka, likaingia kwenye wavu kwa kishindo. Watu wakafanya kazi yao.

Dume halikuingia. Lilikata pembeni, moja kwa moja kwenye mwanya aliosimama Fakihi. Nilimwona akiinua mkuki. Nikamwona mguu wake ukiteleza kwenye tope, mkuki ukaruka, naye akalala chali, mikono mitupu.

Sikuita. Watasema alishafika. Alilikamata dume mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, akajiegemeza na uzito wake wote. Dume likageuka, likamtupa. Alianguka, akainuka, akaenda kusimama mbele ya uso wake, kati yake na Fakihi, anabweka. Lilimpiga jino la kifuani. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama tena. Ndipo mkuki wa Likwata ukafika, na wa pili, na wa tatu.

Nilipomfikia Watasema alikuwa amekaa, kana kwamba amechoka tu, na damu inashuka miguu ya mbele. Fakihi alikuja kwa magoti kwenye tope. Huyu ni mtu aliyekuwa akizunguka nyumba yangu mbali asipitie upande wa mbwa. Alivua shati lake, akalikunja, akalibana kwenye jeraha kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Tulia, baba. Tulia. Nipo." Watasema alimlamba kidevu.

Tulimbeba ndani ya wavu, watu wanne. Fakihi alishika pembe ya mbele na hakukubali kupokewa mpaka nyumbani kwangu.

Jumapili, 13 Aprili

Amiri kamshona jana mchana, nyuzi kumi na moja. Kasema jino halikufika kwenye pafu. Leo asubuhi kanywa mchuzi wa dagaa.

Fakihi alikuja saa moja. Alimbadilishia kitambaa yeye mwenyewe, kisha akaenda kwenye ndoo na kopo la udongo. Nilimsikia akihesabu: moja, mbili, tatu. Watasema akaamka, akajikokota, akamlamba mkono. Fakihi akamtazama, akaanza upya.

Kutoka ng'ambo ya mto nilisikia Wakristo wakiimba, wamebeba matawi. Likwata alipita baada ya ibada. Nyama wanaikausha kwa moshi mpaka Pasaka.

Alhamisi, 17 Aprili

Kasimama. Kaenda mpaka mkoroshoni, karudi.

Jumapili, 20 Aprili

Bertha hakuweza kutuletea nyama ya sikukuu yao, sisi hatuli. Kaleta jogoo mzima, yuko hai, miguu imefungwa, ili Fakihi amchinje mwenyewe. Tulikula pamoja uani kwangu, nyumba tatu. Likwata na Fakihi walibishana kuhusu nani aliufikisha mkuki kwanza, ilhali wa Fakihi ulikuwa umelala kwenye tope. Nilimwambia hivyo. Likwata alicheka mpaka wali ukamwingia puani.

Niliwatazama wote nikafikiri: katika watu hawa, mmoja nilimdhania adui na mwingine nilimdhania mfadhili, na sikuwa sahihi kwa yeyote kati yao. Leo sitaki kumpa mtu jina. Nataka wale tu, washibe.

Jumatatu, 5 Mei

Mahindi yamekauka. Hakuna alama ya kwato shambani tangu ile Jumamosi. Nimemwambia Likwata kwamba Watasema hataingia tena msituni. Kasema alishajua, na kwamba mbwa wawili wachanga wamejifunza kurudi nyuma hatua moja. Inatosha.

Jumatano, 14 Mei

Tunavuna. Zakia, Bertha na mimi. Mikono imechubuka yote.

Jumapili, 25 Mei

Naima amekuja na kirikuu cha kukodi. Hakuwa ameniamini kwenye simu. Alidhani nasema mahindi yapo ili nisihamishwe, na gari alilikodi la kubebea kitanda changu, kabati na vyombo. Aliingia uani, akasema shikamoo mama, halafu akasimama. Magunia yalikuwa yamepangwa upenuni mpaka dirishani, na Watasema amelala juani mbele yake, kifua kina kovu jipya.

"Yote haya ni ya bondeni?" akauliza.

"Yote. Na muhogo bado uko ardhini."

Akakaa kwenye kigoda. Alikaa muda, akiyatazama. Nikamwona tena alivyokuwa mtoto wa miaka saba. Nikamletea maji.

"Mama, hutakuja basi."

"Nitakuja Idi ya kuchinja, siku tatu. Nitakuletea na mkungu wa ndizi."

Dereva alikuwa anauliza kitanda kiko chumba gani. Fakihi, aliyekuwa amekuja na Likwata kunisaidia kufunga magunia, alimwambia hakuna kitanda, ashushe ubavu wa gari. Yeye na Likwata wakanyanyua gunia la kwanza, wakahesabu moja, mbili, wakalirusha ndani. Tukampakilia Naima magunia matatu, na mimi nikapanda juu kuyafunga kamba kwa mikono yangu, kisha nikashuka.